Mimi ni mwanasheria wa halmashauri: nawaeleza barua yako ya kuomba nyaraka inavyotembea ndani, na Baraza linavyojifungia

Mwanasheria wa Kijiweni

Wakuu, salaam.

Juzi kulikuwa na uzi wa jamaa anayelalamika kwamba halmashauri yake imemnyima muhtasari wa kikao kilichopitisha ujenzi wa stendi. Akapewa ushauri wa kila aina: nenda kwa DC, waone waandishi, mtafute mbunge. Swali moja halikuulizwa, na mtu wa sheria angeanza nalo: ulikataliwa kwa barua, au hukujibiwa tu? Aliyekataliwa ana pa kushika. Aliyenyamaziwa ndiye anayezungushwa.

Mimi ni Afisa Sheria katika halmashauri moja ya wilaya, Tanzania Bara. Sitaitaja, na msinichimbe. Watu wanatujua kwa kesi za ardhi, mikataba na sheria ndogo. Lakini mwananchi akiomba nyaraka, barua yake hatimaye inatua mezani kwangu ikiwa na dokezo la Mkurugenzi lenye neno moja: "Ushauri." Na Baraza la Madiwani likikaribia kukaa, mimi ni mmoja wa wanaopitia makabrasha kabla hayajasambazwa, kuangalia kipi kinajadiliwa hadharani na kipi kinasubiri watu watoke ukumbini.

Tuanze na barua. Unaifikisha masijala, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaingizwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio. Inapanda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi anaandika pembeni, "Mkuu wa Idara, ongea nami," au anaielekeza moja kwa moja kwangu. Mkuu wa Idara akiiona, jambo la kwanza analofanya ni kusoma jina lako, siyo ombi lako. Huyu ni nani? Wa chama gani? Ana undugu na yule mkandarasi aliyekosa zabuni? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, haimruhusu mtu kukunyima kwa sababu ya sura yako, lakini kwenye korido ndiyo maswali yanayoulizwa, nisiwadanganye.

Sheria inatoa siku 30 za kukujibu. Mnyimaji anatakiwa aone mambo mawili kwa pamoja: kwamba taarifa iko kwenye orodha ya zile zinazozuiwa na kifungu cha 6 (usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara, jambo ambalo bado halijaamuliwa, na mengine), na kwamba kuitoa hakuna maslahi kwa umma. Hilo la pili watumishi wengi hawalifahamu kabisa. Wakiona tu neno "biashara" au "uchunguzi" wanafunga jalada.

Sasa fikirini mahesabu ya mtumishi. Kifungu hichohicho cha 6 kinasema anayetoa taarifa iliyozuiwa anaweza kufungwa miaka mitatu hadi mitano. Upande wa pili, aliyekaa na barua yako droo ya chini mpaka ukachoka, sijawahi kumwona hata mmoja akipewa barua ya kujieleza. Ukitoa unaweza kwenda jela, ukinyamaza unaendelea na chai. Wewe ungefanya nini?

Na hapa ndipo kimya kinapouma. Njia ya mapitio iko kifungu cha 19: unaomba mkuu wa taasisi aupitie uamuzi ndani ya siku 30 tangu ulipoupokea, kisha unaweza kwenda kwa Waziri. Tangu ulipoupokea. Usipopokea kitu, unaanza kuhesabu lini? Ndiyo maana mtumishi mjanja hakuandikii "hapana". Anakuambia kwa mdomo, "njoo wiki ijayo, bwana wa jalada amesafiri."

Kwa hiyo kama mnataka ushauri wa mtu wa ndani: lengo la barua yako ya kwanza liwe kupata jibu la maandishi, hata liwe baya. Waraka wenyewe utafuata.

Namna ya kuandika. Usiombe "taarifa zote kuhusu mradi wa stendi". Ombi la hivyo naweza kulijibu kwa sentensi mbili na nisiwe nimekudanganya popote. Omba waraka: muhtasari wa kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango cha mwezi fulani, mkataba wa mradi fulani, hati za malipo za robo fulani ya mwaka. Waraka wenye jina na tarehe hauna pa kujificha. Usieleze hasira zako, wala usiweke tuhuma. Barua yenye neno "ufisadi" inahamishiwa jalada lingine na kuanza kujadiliwa wewe ni nani. Na usiombe maelezo ("kwa nini stendi imejengwa kule?"), kwa sababu hayo siyo waraka, nayo yanampa afisa nafasi ya kukuandikia insha.

Niishie hapo kwa leo. Vikao nitaviandika nikipata nafasi. Ulizeni.

Nyangumi wa Rufiji

Siti ya mbele. Tiririka mkuu.

Bint Mtoni

Asante kaka. Mimi nina kakampuni ka ujenzi. Nikikosa zabuni nikaomba mkataba wa aliyeshinda, naambiwa ni SIRI, na kweli una muhuri mwekundu. Hapo pana njia?

Mwanasheria wa Kijiweni

Dada, muhuri haufanyi kitu kuwa siri. Kilichomo ndani ndicho kinachoangaliwa. Nimeona muhuri wa SIRI kwenye ratiba ya usafi wa ofisi, ulipigwa tu kwa sababu karani alikuwa ameushika.

Mkataba una sehemu. Bei yote ya mkataba, jina la mkandarasi, muda wa kazi na kazi yenyewe: sioni hoja ya kuvificha, fedha ni za umma. Mchanganuo wa bei za mshindani wako, mbinu zake za kitaalamu, benki yake: hapo maslahi ya kibiashara yanaweza kusimama. Mimi nikiombwa ushauri husema kurasa hizo zifunikwe, nyingine zitolewe. Kunyima mkataba mzima kwa sababu ya kurasa nne ni uvivu.

Ila ushauri wangu ni ushauri. Mkurugenzi anaweza kuuandikia "Nimeona" na mambo yakaishia hapo.

Mzee wa Kata

Kijana, naona unaongea vizuri, lakini nimekaa kwenye udiwani vipindi viwili. Ninyi wanasheria ndio mnaomfundisha Mkurugenzi kukaa kimya. "Tusijibu kwa sasa, tusije tukajifunga." Hiyo sentensi nimeisikia kwa masikio yangu. Leo unakuja huku kuwa mtetezi wa wananchi?

Mwanasheria wa Kijiweni

Mzee wangu, shikamoo. Sentensi hiyo ipo, na mara nyingine ni sahihi: kama kuna kesi mahakamani na mwombaji ndiye mdai, nyaraka za kesi zina utaratibu wake hukohuko mahakamani. Inakuwa dhambi inapotumika kwa kila barua.

Na uelewe nilipokaa. Mteja wangu ni Halmashauri. Anayenipima kazi kwenye PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma) ni bosi wangu, siyo mwananchi wa kata yako. Halmashauri ikishtakiwa, tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi na mdai lazima atoe notisi ya siku 90, kwa hiyo kesi inabebwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Zamani nilikuwa naweza kumwambia Mkurugenzi, "tusipojibu tutashtakiwa, na atakayesimama mahakamani kukutetea ni mimi." Siku hizi ananiambia, "si watakuja wa kutoka Wakili Mkuu?" Ile silaha ya kutishia ofisi yangu mwenyewe imepungua makali.

Mtunza Majalada

Nimestaafu masijala, niruhusuni niseme la upande wetu maana sisi ndio tunaotukanwa kaunta.

Barua nyingi hazinyimwi, jalada halionekani. Ofisa anachukua jalada kwa mkono bila kusaini kwenye daftari, analiweka kwenye buti la gari akapitie nyumbani. Anapata uhamisho wa kwenda mkoa mwingine. Jalada limekwenda naye au limebaki chini ya kitanda cha nyumba ya kupanga. Sisi tunafungua jalada la muda, na barua mpya zinaingia humo. Baada ya mwaka kuna majalada matatu ya mradi mmoja na hakuna lenye muhtasari mnaoutaka. Mwanasheria akiniuliza, namjibu "linatafutwa". Silifichi. Kweli linatafutwa.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo tangu 2002, na kuharibu nyaraka ya umma ni kosa. Lakini kulibeba jalada kwenye buti nani amewahi kuulizwa?

e-Ofisi imesaidia, barua ikiskaniwa unaona imekaa kwa nani na tangu lini. Tatizo ni kwamba imesaidia kwa barua za sasa. Stendi yenu ya miaka ile iko kwenye karatasi.

Mwanasheria wa Kijiweni

Mtunza Majalada, nakusujudia. Hiki ulichoandika ndicho kinachokula muda wangu kuliko vifungu vyote. Watu wanafikiri nakaa ofisini napambana na siri kubwa za dola. Nashinda nikipiga simu kwa mtumishi aliyehamia Rukwa: "Kaka, samahani, lile jalada la kisima..."

Jibu la "halionekani" nalo liandikwe. Ukipata barua rasmi inayosema kumbukumbu ya malipo ya mradi wa mamilioni haionekani, umeshika kitu kizito kuliko kumbukumbu yenyewe. Mkaguzi akiipata hiyo barua, hoja imejiandika.

Kaunti Mashinani

Hamjambo wadau. Mimi niko Kenya, nafanya kazi katika ofisi ya wakili wa kaunti, nami nimekuwa nikisoma hapa kimya kimya.

Kuhusu hilo la kunyamaza: sheria yetu ya kupata habari, Na. 31 ya 2016, ililiona. Afisa ana siku 21, anaweza kuongeza 14 kama kazi ni kubwa, na ikiwa jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Muda ukiisha bila jibu, ombi linahesabiwa kuwa limekataliwa. Kimya chenyewe kinakuwa uamuzi. Mwananchi anaondoka siku hiyohiyo kwenda kwa tume ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, haulizwi barua ya kukataliwa iko wapi. Kwetu sisi mawakili wa ndani hicho kifungu ni mwiba na ni msaada. Naenda kwa afisa mkuu wa idara namwambia, "usipoandika, sheria imeshakuandikia."

Pia ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, imo ndani ya sheria. Wapo maafisa bado wanamrudisha mama wa watu akaandikiwe kwa Kiingereza. Hilo ni kosa tupu.

Lakini msije mkatuona tumefika. Mkataba wa reli ya SGR mnaukumbuka. Wanaharakati wawili walikwenda Mahakama Kuu Mombasa wakiegemea Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, ile ya haki ya kupata habari. Serikali ikajitetea kwa vipengele vya usiri vilivyomo ndani ya mikataba. Mei 2022 Jaji Mativo akaamuru mikataba itolewe. Sehemu ya mikataba ya mkopo, ile ya 2014, tuliiona Novemba mwaka huohuo, baada ya serikali kubadilika, waziri mpya wa uchukuzi alipoiweka hadharani. Nadhani kila wakili wa serikali anayesoma hukumu ile ajiulize: hivi mimi naweza kuandika mkataba leo unaosema "hii ni siri" na hiyo karatasi ikaishinda Katiba? Kabla ya hukumu ile, wengi tuliamini hivyo.

Fundi Redio

Sasa huyo mama aliyerudishwa akaandikiwe Kiingereza, barua ikiisha kuandikwa nani ataisoma ofisini 😂

Mwanasheria wa Kijiweni

Kaunti, umenifanya nikae vizuri. Kile kifungu cha "kimya ni kukataa" ningekipewa mimi leo, nusu ya madokezo ninayoandika yasingekuwepo.

Kwetu kuna kingine kizuri ambacho hakitumiki: asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu, anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa taarifa ndiye anapaswa kuliandika ombi. Sijui ni kaunta ngapi zinalifanya hilo. Ya kwetu nimebandika karatasi ukutani, imefunikwa na kalenda ya benki.

Sasa vikao, kama nilivyoahidi.

Mkutano wa Baraza la Madiwani ni wa wazi. Mwananchi ana haki ya kuingia, kukaa, kusikiliza. Haruhusiwi kuchangia wala kupiga makofi. Mkutano wa kawaida ni kila robo mwaka. Kamati ni habari nyingine, hizo hukaa zenyewe, na kazi yote ngumu hufanyika huko. Likifika Baraza, kwa kawaida ni kupokea taarifa za kamati, yatokanayo, maswali ya papo kwa papo, na kupitisha.

Ujanja uko kwenye sentensi moja. Mwenyekiti na joho lake anatazama saa, anasema: "Waheshimiwa, naomba sasa Baraza likae kama kamati." Hapo waandishi wanafunga kamera, wananchi wa kule nyuma wanasimama, walimu waliokuja kusikiliza hoja ya nyumba zao wanatoka nje kwenye mwembe. Mlango unafungwa.

Kanuni za Kudumu zinaruhusu, na kuna sababu za haki. Mtumishi anajadiliwa nidhamu yake, ana familia, hajapatikana na hatia. Halmashauri inapanga msimamo wake kwenye kesi. Hayo mimi mwenyewe nashauri yafungiwe mlango. Lakini nimeona mlango ukifungwa kwa hoja za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) na kwa fedha mbichi, yaani makusanyo ya mashine za POS (za kukusanyia ushuru) yaliyotumika kabla hayajafika benki. Jamani, ripoti ya CAG inawasilishwa Bungeni kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba na inawekwa kwenye tovuti. Mwalimu aliyefukuzwa ukumbini anaisoma akiwa chini ya mwembe kwenye simu, wakati ndani waheshimiwa wanaonyana wasiivujishe.

Nikiulizwa ushauri pale mezani (nakaa nyuma ya Mkurugenzi, wananigeukia) huwa nauliza swali moja tu: tunafunga kwa ajili ya ajenda ipi, na muhtasari utaandika sababu gani? Mara nyingine swali hilo linatosha, mwenyekiti anaendelea mlango ukiwa wazi. Mara nyingine naambiwa, "mwanasheria, kaa chini."

Tacoma Boy

Mkuu, hilo swali lako huku niliko ni sheria kamili. Niko jimbo la Washington, Marekani, nafanya kazi upande wa nyaraka katika serikali ya mtaa, mzaliwa wa Tanga.

Huku wakitaka kufunga mlango, mwenyekiti lazima atangaze hadharani sababu na saa watakayorudi. Wakisema saa mbili na nusu na hawajamaliza, mtu anatoka nje kutangaza muda umeongezwa. Sababu zimeorodheshwa kwenye sheria, huwezi kubuni yako. Sheria ya vikao ni ya 1971, ya nyaraka ilipitishwa na wananchi wenyewe kwa kura 1972.

Jibu la kwanza ni ndani ya siku tano za kazi. Wale wanaonyamaza, mahakama inawapiga faini kwa kila siku, hadi dola 100 kwa siku, na fedha anapewa mwombaji. Kuna bwana mmoja aliomba mwaka 1997 tafiti kuhusu fedha za uwanja wa michezo kwa King County, Seattle. Wakamzungusha. Kesi ikapanda na kushuka mpaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamaliza kwa faini ya dola 371,340. Kila mtu anayeingia kazi hii anafundishwa kesi hiyo siku za mwanzo kabisa.

Na hamna suala la uraia. Yeyote anaomba, kutoka popote, na kwa kawaida hatumuulizi anataka ya nini.

Upande mchungu: wapo wanaoishi kwa hizo faini. Mtu anatuma maombi makubwa makusudi akisubiri tuteleze. Wengine wako gerezani. Mji mdogo wenye karani mmoja unalemewa.

Mwanasheria wa Kijiweni

Tacoma, hapo kwenye uraia umegusa kitu. Sheria yetu inampa haki raia wa Tanzania tu, na ya Kenya vilevile ni ya raia wa Kenya. Lakini Mkenya anaruhusiwa uraia pacha, sisi haturuhusiwi. Kwa hiyo wewe ukichukua pasi ya Marekani, unaweza kuomba nyaraka za mji wowote wa Washington, ila muhtasari wa mkutano wa kijiji alikozikwa bibi yako unapoteza haki ya kuuomba. Atauomba binamu yako.

Faini za kila siku sizitaki hapa. Zitalipwa kutoka kwenye mapato ya ndani, yaani ushuru wa mama muuza mchicha, na aliyekaa na barua hatotoa senti. Ningependa kifungu kinachomtaja ofisa kwa cheo chake.

Bint Mtoni

Na makundi ya WhatsApp ya madiwani je? Huku kwetu kila kitu kinaamuliwa huko.

Tacoma Boy

Dada, huku hiyo ni hatari tupu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo, kesi iliyohusu simu ya mwendesha mashtaka wa Pierce County, ilisema ujumbe wa kazi ni waraka wa umma hata ukiwa kwenye simu yako binafsi uliyoinunua kwa hela yako. Na kabla ya hapo, 2001, kesi ya bodi ya shule: wajumbe wengi wa kutosha akidi wakijadili jambo la kazi kwa barua pepe, hicho kinaweza kuhesabika ni kikao, na kimefanyika bila umma kujua. Tunawaambia wajumbe wapya: msibonyeze "jibu wote".

Mwanasheria wa Kijiweni

Hapa kwetu hilo kundi lipo kila halmashauri, ninavyoamini. Usiku wa kuamkia Baraza, mjadala wote unafanyika humo: nani atainuka, nani ataunga mkono, nani apewe nafasi ya kulalamika kidogo ili ionekane kuna mjadala. Asubuhi ajenda ya mkopo inapita kwa dakika chache. Mwandishi anaandika "Baraza lapitisha kwa kauli moja". Muhtasari ninaoupitia una mstari mmoja: "Baraza lilijadili na kuridhia." Mwananchi akiomba muhtasari huo, Mkurugenzi anautoa haraka sana, kwa sababu hauna kitu.

Ndiyo maana nawaambia muombe kabrasha, siyo muhtasari peke yake. Ndani ya kabrasha kuna taarifa ya idara, majedwali, gharama za awali. Tofauti kati ya gharama iliyomo kwenye kabrasha na iliyomo kwenye mkataba inawaambia zaidi ya hotuba zote.

Kaunti Mashinani

Kwetu Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi hadharani, na spika hawezi kuwafungia nje umma na wanahabari bila sababu za kipekee. Maovu yamehamia kwenye vikao vya kushirikisha umma. Tangazo linawekwa gazetini kwa Kiingereza siku chache kabla, ukumbi uko makao makuu ya kaunti, wanaofika ni wale waliobebwa na basi na kupewa chakula cha mchana. Kisha mimi naletewa orodha ya mahudhurio niiambatanishe kwenye kiapo mahakamani kuonyesha umma ulishirikishwa. Naitazama ile orodha, mwandiko mmoja kuanzia mstari wa kwanza hadi chini ya ukurasa. Huo ndio wakati mgumu kabisa wa kazi hii. Siku hizi narudisha karatasi na kusema kiapo hicho atie sahihi mwingine.

Mkulima wa Bondeni

Wakuu nisaidieni, hilo la orodha limenigusa. Kijijini kwetu kuna mwekezaji amekuja, anasema amepewa hekta 180 na mkutano mkuu wa kijiji. Mimi nilikuwepo kijijini mwaka mzima, sikusikia mkutano. Mwenyekiti anasema mihtasari ipo. Nikiomba kuiona anasema mtendaji aliyeandika amehama.

Mwanasheria wa Kijiweni

Ndugu, sikiliza vizuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Na ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ya jumla, yaani ikitoka mikononi mwa kijiji, hadi hekta 250 Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Zaidi ya hapo ni Waziri, baada ya kupokea mapendekezo yenu. Hekta 180 ziko mikononi mwa mkutano wenu. Kama mkutano haukufanyika, hakuna kitu.

Barua yako iombe vitu vitatu kwa majina: tangazo la mkutano lililobandikwa, muhtasari, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Usimwandikie mwenyekiti. Andika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya. Kama uhamisho ulifuata utaratibu, Ofisi ya Ardhi ya wilaya ina jalada lake na nakala za kutoka kijijini zimo. Mtendaji kuhama hakulihamishi jalada la wilaya. (Mtunza Majalada, usiniangushe hapa.)

Mtunza Majalada

Likiwa na namba litaonekana. Aulize namba ya jalada masijala ya ardhi kwanza, ndipo aandike barua. Waende wakati wa asubuhi.

Mkulima wa Bondeni

Barua inahitaji muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji? Maana ni mpwa wake na mwenyekiti wa kijiji.

Mwanasheria wa Kijiweni

Haihitaji. Weka jina, anuani, simu, na useme wewe ni raia. Namba ya NIDA inamaliza ubishi wa uraia. Chapa nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na uondoke nayo. Wakikataa kugonga muhuri kaunta, itume kwa EMS ya posta ubaki na risiti. Siku ya 31 kama hakuna jibu, andika barua ya pili, fupi, kwa Mkurugenzi huyohuyo kama mkuu wa taasisi: taja tarehe ya ile ya kwanza, sema muda wa sheria umepita, na omba uamuzi wa maandishi. Barua hiyo ikifika mezani kwa mtu wa aina yangu, ushauri wake unakuwa mwepesi kuandika, kwa sababu sasa kuna tarehe.

Mkulima wa Bondeni

Nimeelewa. Jumatatu naenda masijala ya ardhi kutafuta namba.

Mwanasheria wa Kijiweni

Jibu lolote utakalopewa, hata la kukataa, lipige picha, ficha majina, ulilete hapa. La kukataa ndilo nalitaka zaidi, tutakuandikia mapitio papa hapa.